Dalali wa Zamani na Soko la Kwenye Simu

Somo hili limepigwa chapa pia, ili aliyekosa kulisikia redioni apate kulisoma, na aliyelisikia alirudie polepole simu yake ikiwa mkononi. Leo nasema na madalali wa nyumba na viwanja, hasa wale walioanza kazi zamani, wenye umri wa miaka hamsini, sitini na kuzidi.

Neno dalali asili yake ni Kiarabu, nalo latokana na kuonyesha njia. Jina hilo lawafaa sana. Dalali wa Magomeni au wa Kariakoo hakuhitaji kibao mlangoni. Alikaa kwenye kijiwe cha kahawa, na mwenye kutafuta chumba aliuliza huku na huku mpaka akamfikia. Dalali huyo alijua nyumba ipi huingia maji wakati wa masika, mwenye nyumba yupi ana maneno mengi, na nyumba ipi ina ugomvi wa urithi usiokwisha. Maarifa hayo ndiyo mali yake.

Siku hizi mwenye kutafuta chumba hapiti kijiweni. Kijana aliyepata kazi Dar es Salaam huanza kutafuta chumba angali Mbeya, amelala kitandani, akipangusa kioo cha simu. Mtanzania aliyeko Muscat hutafuta kiwanja Kigamboni usiku baada ya kazi. Mitandao ya kijamii wanayopita ni michanga: Facebook ilianza mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009, Instagram mwaka 2010, na zote tatu sasa ni mali ya kampuni moja, Meta. Kwa dalali aliyeanza kazi mwaka 1985 haya ni mambo ya juzi. Lakini wateja wamekwisha hamia huko, na hapana dalili ya kurudi.

Basi hutokea hivi. Kijana mwenye simu nzuri, ambaye mtaa wenyewe ameuona jana, huwapata wapangaji. Na mzee aliyeijua nyumba tangu msingi hukaa kijiweni kahawa ikipoa. Hasara si ya mzee peke yake. Mpangaji naye hulipa kodi ya miezi sita kwa pamoja, kisha masika yakija hukuta viatu vyake vinaelea, maana aliyempangisha hakujua au hakutaka kusema. Kwa hiyo siwaambii wazee wangu mjifanye vijana, mcheze mbele ya kamera kama wafanyavyo baadhi yao. Nawaambia mchukue yale mnayoyajua mkayaweke mahali ambapo wateja wanatazama.

Mtu ataniuliza, “Nianzie wapi, nami hata herufi za simu sizioni vizuri?” Anza na hilo la macho. Kila simu ya kupangusa ina sehemu ya mipangilio, na humo mna mahali pa kukuza maandishi. Mwambie mjukuu akukuzie leo. Tena si lazima kuandika sana: WhatsApp yapokea sauti, na mzee mwenye sauti ya kujulikana mtaani asione haya kuitumia.

Kisha anza na WhatsApp kabla ya Facebook na Instagram, kwa kuwa wateja wako wa zamani tayari wamo humo. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni stetasi, yaani picha au maneno unayoyabandika, nayo huonekana kwa muda wa saa 24 tu kisha hufutika yenyewe. Yafaa kwa chumba kilichopatikana leo. Ya pili ni kundi, ambamo kila mtu huona na kujibu, na kelele huwa nyingi. Ya tatu ni orodha ya matangazo: unaandika mara moja, na kila mtu hupokea kana kwamba umemwandikia yeye peke yake. Lakini angalieni hapa, maana wengi hukwama. Orodha hiyo humfikia tu yule aliyeiweka namba yako katika simu yake. Usipowaomba wateja waihifadhi namba yako kwa jina, utatangaza mchana kutwa na wala hawatasikia. Mimi naiona njia hii ya tatu kuwa ndiyo inayomfaa zaidi dalali mzee, kwa sababu yategemea kujuana.

Facebook na Instagram hufika mbali zaidi, kwa watu msiojuana, na kwa hiyo tangazo la huko hutaka uangalifu zaidi. Na sasa tulitazame tangazo lenyewe.

(Hapa mwalimu alinyamaza kidogo ili wasikilizaji wachukue kalamu.)

Tangazo la kawaida husema: “Nyumba nzuri inapangishwa, mahali tulivu, bei nafuu, piga simu.” Nzuri kwa nani? Nafuu kwa mfuko wa nani? Tangazo hili litakuletea simu arobaini, na thelathini na tano zitakuwa za watu wanaouliza bei tu, na jioni utakuwa umechoka bila kumwonyesha mtu chumba. Sasa sikilizeni la pili, nililolitunga kwa mfano:

“Chumba na sebule, choo ndani, Magomeni. Dakika tano kwa miguu toka kituo cha basi. Luku ya peke yake. Maji ya bomba hutoka siku nne kwa juma, na tangi lipo. Kodi shilingi 150,000 kwa mwezi, kwa miezi sita. Hapana mahali pa gari. Masika maji hufika barazani, hayaingii ndani. Udalali ni kodi ya mwezi mmoja, hulipwa baada ya kuandikiana na mwenye nyumba.”

Mwaona? Huyu hakusifu kitu hata kimoja. Amesema na yale ya ubaya: gari hapana, maji barazani. Mzee mmoja atanung’unika kwamba anafukuza wateja. Ndiyo, anawafukuza wenye magari, ambao wangekuja, wakatazama, wakaondoka, naye angekuwa amelipa nauli ya bodaboda bure. Anayebaki ni yule ambaye chumba chamfaa. Na lile neno la masika kijana wa simu hawezi kuliandika, maana hakuwapo masika yaliyopita.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, fungua madirisha, piga mchana, simama pembeni mwa chumba na simu ukiilaza. Picha nne zatosha: nje, chumbani, jikoni, chooni. Msikiache choo, mpangaji hutazama choo kabla ya sebule. Kama mpangaji wa zamani hajahama, mwombe ruhusa, na vitu vyake visionekane. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingalikuwapo, adabu ilikuwapo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichague somo hili, nalo ni wizi. Picha ukiiweka hadharani, mwizi huweza kuichukua. Huibandika kwenye ukurasa wake, huandika namba yake, hupunguza kodi, kisha humwambia mtu aliye mbali, “Wateja ni wengi, tuma fedha kidogo ya kushikia chumba.” Fedha ikitumwa, namba huzimwa. Yule maskini hufunga safari, hufika kwenye nyumba aliyoiona katika picha, na huko hukutana na nani? Hukutana nawe, dalali halisi, akupigie kelele mbele ya watu kwamba umemla fedha. Jina la miaka thelathini huchafuka asubuhi moja.

Zipo kinga, nazo si ngumu. Andika jina lako na namba yako juu ya picha yenyewe, katikati, si pembeni ambako hukatwa kwa urahisi. Piga video fupi ukiwa umesimama mbele ya mlango, useme jina lako na tarehe kwa mdomo wako mwenyewe. Mwizi anaweza kuiba picha ya ukuta, lakini uso wako wajulikana mtaani. Andika katika kila tangazo kwamba hupokei fedha kabla mtu hajaona nyumba na kuonana na mwenye nyumba. Najua wapo wanaotoza ada ya kuonyesha kwanza. Mimi si wa kuwaamulia, lakini desturi hiyo ndiyo mlango anaopitia mwizi, kwa sababu mteja amekwisha zoeshwa kulipa kabla ya kuona.

Tena usiweke hadharani mahali hasa ilipo nyumba tupu; wapo watakaofuata mabati na vitasa. Taja mtaa na kituo, kisha ramani umpelekee yule tu mliyepatana siku. Na tarakimu sita zinazoletwa kwa ujumbe wakati WhatsApp inapofunguliwa, usimtajie mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. Mwenye kuzipata anaweza kuichukua akaunti yako, akakopa fedha kwa wateja wako wote kwa jina lako.

Wenzetu wa viwanja wana mzigo wa ziada. Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Anachopata mnunuzi ni haki ya kumiliki, ambayo kwa hati huwa ya muda usiozidi miaka 99. Hayo yamo katika Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999. Hivyo kuandika “kiwanja kina karatasi zote” si tangazo, ni fumbo. Sema kama kimepimwa. Sema kama kina hati, au leseni ya makazi, au barua ya mauziano iliyoshuhudiwa serikali ya mtaa, maana vitu hivi vitatu havina nguvu sawa. Lakini msipige picha hati mkaibandika mtandaoni! Ina jina la mwenyewe, namba ya kiwanja na sahihi, na mghushi hahitaji zaidi. Mnunuzi wa kweli ataiona ana kwa ana, kisha ataomba upekuzi katika ofisi ya ardhi.

Na kabla ya kutangaza nyumba ya kuuzwa ambamo mke na mume wanaishi, ulizeni wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Zamani tangazo lilikaa kijiweni likafa taratibu. La mtandaoni humfikia shemeji aliyeko Mwanza kabla ya adhuhuri.

Chumba kikipata mtu, andika siku ile ile kwamba kimekwisha, au ufute. Vijana wengi huacha matangazo ya mwaka jana yakining’inia ili wapigiwe simu. Ninyi msifanye hivyo.

Kazi ya juma hili: chagueni chumba kimoja mnachokijua. Andikeni tangazo lisilokuwa na neno “nzuri” wala “nafuu”, na liwe na kasoro mbili za kweli. Msomeeni jirani asiyekijua chumba hicho, kisha mwulizeni amebaki na swali gani. Swali hilo liandikeni jibu lake, mliongeze katika tangazo. Juma lijalo tutazungumza juu ya mkataba wa kupanga: nani autie sahihi, na nani awe shahidi.