Usichome nundu ya mti: inaweza kuwa bakuli la kuuza

Kwa wakazi wengi wa Machakos, nundu ya mti, ule uvimbe mgumu unaojitokeza kwenye shina au karibu na mizizi, ni kero tu. Shoka haliipasui na msumeno huisota polepole, kwa hivyo mara nyingi inaishia mekoni. Ndani yake, hata hivyo, mna mbao yenye michoro ambayo mbao ya kawaida haina.

Nundu hutokea mti unapojeruhiwa, kushambuliwa na wadudu au viini, au kusumbuliwa kwa njia nyingine. Machipukizi mengi huanza kuota mahali pamoja bila kutoka, na nyuzi za mti hujisokota kuyazunguka. Msokoto huo ndio unaoleta urembo. Ndio pia unaoleta hasara, kwa sababu kila upande hunywea kivyake mbao inapokauka, na kipande kilichoharakishwa hupasuka.

Nundu isikatwe kwenye mti ulio hai. Hubaki kidonda kikubwa ambamo uozo huingia, na mti unaweza kufa. Itolewe kwenye mti ulioanguka au uliokwisha kukatwa kihalali. Anayetaka kukata mti mzima, au kusafirisha magogo, amwone kwanza afisa wa Huduma ya Misitu nchini (KFS) aliye karibu. Wachongaji wa Wamunyu wanajua uzito wa jambo hili: mpingo na muhugu vilipoadimika, wengi waligeukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda.

Wakati wa kukata, sehemu ya shina iachwe pande zote mbili za nundu. Siku hiyo hiyo, nyuso zilizokatwa zipakwe nta iliyoyeyushwa, gundi nyeupe ya mbao au hata rangi iliyobaki, ili maji yatoke taratibu. Kipande kiwekwe kivulini penye hewa, juu ya vijiti, kisiguse sakafu. Juani kitapasuka, wakati mwingine kwa siku chache tu.

Kipande chenye unene wa inchi moja huhitaji karibu mwaka mmoja. Ni muda mrefu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Wanaochonga mabakuli hupunguza kungoja kwa kuchimba kipande kikiwa kibichi, wakiacha kuta nene, kisha kukikausha na kukimalizia baadaye. Njia rahisi ya kujua kama kimekauka ni kukipima kwa mizani kila wiki na kuandika uzito juu yake kwa penseli. Uzito ukikoma kupungua, kiko tayari.

Nundu laini au iliyoanza kuoza inaweza kuimarishwa. Mafundi wenye vifaa huizamisha katika resini ndani ya chombo kinachofyonzwa hewa kwa pampu, kisha huioka kwa nyuzi 90 hivi. Kazi hiyo haifai kufanyiwa katika jiko la kuokea chakula. Nyumbani, nyufa ndogo hujazwa supaglu, na kubwa hujazwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao hiyo hiyo.

Msasa uanze na namba 80, kisha 120, 180, 240 hadi 400, bila kuruka, maana mikwaruzo ya mwanzo huonekana vizuri zaidi mafuta yakishapakwa. Barakoa ivaliwe muda wote; vumbi la mbao hudhuru mapafu.

Chombo cha chakula kipakwe nta ya nyuki, si mafuta ya kupikia, ambayo huchacha. Pambo laweza kupakwa mafuta ya kitani. Vitambaa vilivyotumika kupaka mafuta hayo visikunjwe wala kurundikwa, kwani vinaweza kushika moto vyenyewe. Vilowekwe majini au vitandazwe nje kimoja kimoja hadi vikauke, mbali na watoto.