Ubao wa pedali za gitaa

Ubao wa pedali za gitaa ni jukwaa dogo la mbao au chuma ambalo mpiga gitaa la umeme hupanga juu yake pedali za kubadilisha sauti, akazifunga zisihame, akaziunganisha kwa kebo fupi na kuzipa umeme kutoka chanzo kimoja. Pedali hukanyagwa kwa mguu kwa sababu mikono yote miwili iko kwenye nyuzi. Mbao za viwandani zipo, lakini wapigaji wengi hujitengenezea. Kazi ya useremala ni ya siku moja. Kinachowashinda wengi ni umeme.

== Historia ==

Pedali ya kwanza kupata soko kubwa ilikuwa Maestro Fuzz-Tone, iliyotolewa na kampuni ya Gibson ya Marekani mwaka 1962. Iliifanya sauti ya gitaa ikwaruze kama spika iliyopasuka. Mwaka 1966 ilitoka Fuzz Face ya Uingereza, yenye transista mbili tu ndani, na hadi leo saketi yake ni zoezi zuri kwa fundi redio anayeanza. Mwaka 1977 kampuni ya Boss ya Japani ilianza kuuza pedali ndogo zenye umbo moja, upana wa milimita 73 na urefu wa milimita 129. Pedali zilipokuwa ndogo, mpigaji mmoja aliweza kubeba tano au sita, na haja ya ubao ikaongezeka. Nyingi kati yake hutumia volti 9, kwa kuwa zilibuniwa kwa betri ndogo ya mraba iliyokuwa ikitumika kwenye redio za transista.

Katika muziki wa dansi wa Tanzania na rumba ya Kongo, gitaa za solo na rizimu hupigwa kwa sauti safi, na kila moja hujaza nafasi iliyoachwa na nyingine. Kwa sababu hiyo mpigaji wa dansi huhitaji pedali chache kuliko mwenzake wa roki, na akiziweka nyingi huharibu. Hatari zaidi ni pedali ya mwangwi. Wimbo ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500. Mwangwi wa milisekunde 250 huangukia katikati ya mapigo na kukaa vizuri, ila ule wa 300 huingilia nafasi ya gitaa la rizimu, na sebene hupoteza mwendo.

== Ubao wenyewe ==

Pedali tano za ukubwa wa kawaida huchukua sentimita 37 kwa upana. Zikiongezwa nafasi za sentimita 3 kati yake kwa ajili ya jeki, ubao wa sentimita 50 hadi 55 unatosha. Umbo rahisi ni vipande viwili virefu vinavyolala sambamba, na pengo la sentimita 3 kati yake la kupitishia nyaya. Kipande cha nyuma huinuliwa sentimita 7 hivi ili mguu ufike kwenye pedali bila kugusa za mbele, na chini yake hupatikana nafasi ya kuficha chanzo cha umeme. Pedali hushikizwa kwa utepe wa kunata wa aina ile inayofunga viatu vya watoto.

Kwa mtu aliyeko Rahaleo, kata ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, plaiwudi ya milimita 12 ni nyepesi na inatosha. Mninga hudumu zaidi lakini humchosha mbebaji. Mti wa mkoko, ingawa uko karibu, si wa kazi hii. Ni mzito, na mikoko ya upande wa Ruvuma imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mbao hupigwa msasa na vanishi pande zote, pamoja na kingo za plaiwudi, kwa maana unyevu huingilia hapo kwanza.

== Umeme ==

Kabla ya kununua adapta, mtengenezaji husoma mambo matatu kwenye kila pedali. La kwanza ni volti. La pili ni upande wa hasi na chanya: pedali nyingi huwa na hasi katikati ya tundu, ilhali adapta nyingi za vifaa vya nyumbani huwa na chanya katikati. Kuchanganya hapo kunaweza kuua pedali mara moja. La tatu ni kiasi cha mkondo. Pedali ya kawaida ya kukwaruza sauti hutumia miliampea 5 hadi 20, lakini ya dijiti inaweza kutaka 100 au zaidi. Jumla ya zote isizidi uwezo wa adapta. Ni vizuri ibaki akiba ya robo.

Adapta moja yenye matawi ndiyo njia rahisi, lakini pedali ya dijiti ikichangia umeme na ile ya kukwaruza, mlio mwembamba husikika kwenye spika. Dawa ni kuipa pedali ya dijiti chanzo chake.

Njia nyingine, inayofaa mahali ambapo umeme hukatika au bendi hutumia jenereta, ni betri ya volti 12 iliyofungwa, isiyovuja maji. Kati ya betri na pedali huwekwa kidhibiti aina ya 7809, kifaa kidogo chenye miguu mitatu kinachotoa volti 9, pamoja na kapasita mbili ndogo na kipande cha alumini cha kupunguza joto. Fyuzi huwekwa karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Kidhibiti hicho huhitaji angalau volti 11 upande wa kuingilia, kwa hiyo betri iliyochoka haifai. Pedali zikitumia jumla ya miliampea 250, betri ya ampea-saa 7 kwa hesabu ingefika saa 28. Ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, bado inabaki saa 14, yaani kuzidi harusi mbili.

Umeme wa volti 230 haupaswi kufika kwenye ubao wa kujitengenezea. Adapta ibaki ukutani. Vilevile, spika ikivuma, wapo wanaokata waya wa ardhi wa amplifaya, na mvumo kweli hupungua. Lakini hitilafu ikitokea baadaye, umeme hauna njia nyingine ila kupitia nyuzi za gitaa, mwili wa mpigaji na maikrofoni iliyo mbele ya midomo yake. Mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa hivyo jukwaani mjini Swansea, Wales, mwaka 1972, aliposhika maikrofoni ambayo haikuwa na waya wa ardhi. Mvumo hutafutwa kwa kuchomoa kebo moja baada ya nyingine, au kwa kuingiza gitaa na amplifaya kwenye soketi moja.

== Mpangilio na kebo ==

Kwa kawaida sauti hutoka kwenye gitaa kwenda pedali ya kusawazisha nyuzi, kisha wawa, kisha za kukwaruza, kisha korasi, na mwangwi mwishoni. Mwangwi ukitangulia, pedali ya kukwaruza husaga sauti na marudio yake pamoja, na maneno ya gitaa hayasikiki. Hakuna sheria, wapo wanaougeuza mpangilio kwa makusudi.

Kila mita ya kebo hula kidogo sauti za juu. Kebo fupi zilizolehemiwa kwa kipimo halisi ni bora kuliko ndefu zilizokunjwa chini ya ubao, na pia ni rahisi zaidi kwa bei. Kila moja ipimwe kwa mita ya umeme kabla ya kufungwa.

== Matunzo katika pwani ==

Hewa ya chumvi hushika jeki na ncha za kebo kwa ukungu wa kijani, na dalili yake ni mikwaruzo pedali inapoguswa. Katika msimu wa mvua, ambao Mtwara huanza takriban Novemba hadi Aprili au Mei, hali huwa mbaya zaidi. Kuchomoa na kuchomeka kila jeki mara chache kwa mwezi hukwangua ukungu huo. Ukikaidi, ncha hufutwa kwa spiriti, umeme ukiwa umezimwa. Skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu hudumu kuliko za kawaida. Pedali zenye transista za jerimani, zile za zamani, hubadilika sauti kwa joto, hivyo ubao hauachwi juani wakati wa kupanga vyombo: pedali iliyowekwa sawa asubuhi inaweza kutoa sauti nyingine saa tisa alasiri.