Kasulo: nyumba juu, kobalti chini

Kutoka katikati ya Kolwezi mpaka mtaa wa Kasulo si safari. Mji huu ulianzishwa na Union Minière mwaka 1937, na tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Kasulo ulikuwa mtaa wa kawaida tu, wa nyumba za matofali na miembe.

Mwaka 2014, wakaaji wanasimulia, mtu mmoja alichimba shimo katika parseli yake akakuta heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Habari haikulala. Jirani akachimba, na jirani ya jirani. Mashimo yalifunguliwa uani, hata ndani ya vyumba vya kulala, yakafunikwa kwa bashi. Mwenye parseli alipatana na krezeri: wao wachimbe, yeye apate sehemu yake. Kuna waliojenga kwa pesa hiyo. Kuna waliofukiwa na udongo.

Mwaka 2017 serikali ya jimbo, chini ya gavana Richard Muyej, iliipa CDM, tawi la kampuni ya Kichina ya Huayou Cobalt, haki ya kununua madini ya upande mmoja wa mtaa. Mamia ya familia ziliondolewa kwa malipo, nyumba zikabomolewa, ukuta ukajengwa. Nje ya ukuta, uchimbaji uliendelea.

Sheria haimpi mwenye parseli nafasi kubwa ya kubishana. Tangu sheria ya Bakajika ya 1966, udongo na kilicho chini yake ni vya Serikali. Fidia ni ya nyumba na miti, si ya kobalti. Kodi ya madini ya mwaka 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha kwa komini, sekta au usultani wenye mgodi. Lakini Kasulo ni mtaa tu, hauna sanduku lake.

Marekani nako, Wasioux walipewa milima ya Black Hills kwa mkataba wa 1868. Dhahabu ikaonekana 1874, na 1877 wakanyang'anywa. Mwaka 1980 Mahakama Kuu iliamuru walipwe zaidi ya dola milioni 100. Wamezikataa mpaka leo. Wanataka milima yao. Lakini wao wana mkataba mkononi. Mtu wa Kasulo alikuwa na karatasi ya parseli tu, na watoto wa kulisha.

Watoto hao ndio waliopimwa pia na watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven. Matokeo yalitoka 2018: mkojo na damu ya wakaaji wa Kasulo vilikuwa na kobalti nyingi kuliko ya watu wa mtaa wa karibu usio na mashimo, na watoto walizidi watu wazima.