Samaki wala plastiki, nasi twala samaki

Wahenga walinena kwamba mtupa jongoo hutupa na ung'ong'o wake. Walikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa maana ung'ong'o ni kipande cha ukuti tu. Ukiutupa kichakani, mvua zikinyesha huoza ukawa udongo. Huku kwetu bara nako mambo yalikuwa vivyo hivyo. Chakula kilifungwa kwa majani ya mgomba, mavuno yakabebwa kwa kiondo na maji yakatiwa katika kibuyu. Kitu kikichakaa, kilitupwa nyuma ya nyumba, na baada ya muda maboga yakaota mahali pale pale. Kutupa hakukuwa kosa. Kulikuwa ni kuirudishia ardhi mali yake.

Kisha ikaja plastiki. Mkono ulibaki ule ule na desturi ikabaki ile ile, ila kilichotupwa ndicho kilichobadilika. Hapo, ndugu msomaji, ndipo balaa lilipoanzia.

MTO WA MAJI BARIDI

Jina la Nairobi tulilipata kwa Wamasai, na maana yake ni maji baridi. Mto wenyewe huanzia katika kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, magharibi ya jiji. Hupita kati ya Kangemi na Kawangware, ukashika njia ya Chiromo na Museum Hill, kisha ukaambaa na barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji. Kila mahali hupokea zawadi ambazo haukuziomba: patapata zilizokatika, vifuniko vya chupa, vipande vya ndoo na povu la nguo. Mvua kubwa ikinyesha, hata vumbi la matairi yanayosagika katika Waiyaki Way huteremka na maji.

Jua huichoma plastiki hiyo, na mawe huisaga. Huvunjika, lakini haiozi. Kipande kimoja huwa viwili, viwili huwa elfu, hata visionekane kwa macho. Chembe zisizozidi milimita 5 ndizo wataalamu waziitazo maikroplastiki, jina lililovuma baada ya Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake kuandika habari zake mwaka wa 2004. Nyingine hutoka katika mavazi yetu. Shati la poliesta, ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la tetroni, hutoa nyuzi nyingi mno kila linapofuliwa.

YALIYOMO TUMBONI

Chembe hizi hutuama pale maji yanapotuama, yaani katika vinamasi, mabwawa na maziwa. Huko ndiko samaki wengi wa maji baridi wanakozaa na kulelea watoto wao, ndani ya matete. Maskini samaki mchanga! Hula kinachopita mbele yake kikimtosha mdomo, wala hana njia ya kutenga chembe ya ndoo na kijidudu. Majaribio katika maabara yameonyesha kwamba samaki waliolishwa plastiki huweza kushiba pasipo lishe, utumbo wao huvimba na kukua kwao hupungua. Tena plastiki haiji peke yake. Huja na kemikali ilizotiwa kiwandani, pamoja na sumu nyingine ilizozinyonya majini.

Mtu asidhani kwamba hizi ni hadithi za Ulaya. Mwaka wa 2016 watafiti walichapisha habari za sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, Tanzania. Hao ndio mbuta na ngege wetu, maana Ziwa Viktoria ni moja. Plastiki ilithibitishwa matumboni mwa samaki 1 kati ya kila 5, kwa aina zote mbili. Mwaka wa 2020 watafiti wengine walichapisha habari za chembe hizo hizo katika maji ya Ziwa Naivasha, ambalo haliko mbali na jiji letu.

Ni kweli kwamba mto wetu hauendi Nyanza. Huingia katika mto Athi, ambao huko mbele huitwa Sabaki, ukamwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kwa hiyo Nairobi huwapelekea wengine taka zake, kisha yenyewe hununua samaki waliolishwa taka za wengine. Nani atamcheka mwenzake?

SUFURIANI

Ngege hupasuliwa tumbo na matumbo yake yakatupwa, na humo ndimo chembe nyingi zilimo. Lakini omena je? Omena hukaangwa mzima, kichwa na tumbo lake. Naye ndiye kitoweo cha mtu wa mshahara mdogo, anayepita jioni katika soko la Kangemi na kusema, "Mama, nipimie za kutosha watoto wanne." Simwambii mtu aache omena. Ni chakula bora, na madaktari wangali wakichunguza ni madhara gani chembe hizo humletea binadamu. Nasema tu kwamba asiye na uwezo wa kuchagua kitoweo ndiye anayekula bila kuchagua.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na kwa kweli miti na mitaro ilipumua. Lakini mifuko iliyochukua nafasi yake, ile inayofanana na kitambaa, nayo ni plastiki iliyobadili sura. Huko Gigiri, tarehe 2 Machi 2022, mataifa yaliazimia kuandika mkataba wa dunia nzima juu ya plastiki. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yakamalizika bila mapatano. Mto haukungoja. Usiku na mchana unateremka na mzigo wake.

Basi na tuanze na tulicho nacho mkononi. Siku moja ingia City Market, pale barabara ya Muindi Mbingu. Utaona samaki wakiuzwa, na hatua chache kutoka hapo viondo vimetundikwa vikimngoja mtalii. Viondo hivyo ni vya kwetu. Nunua kimoja, ukavuke nacho upande wa samaki. Lakini kwanza kikague vizuri na uchague cha mkonge, maana siku hizi hata viondo vingine vimesukwa kwa nyuzi za nailoni.