Msikiti Mkuu wa Kilwa

Msikiti Mkuu wa Kilwa ni magofu ya msikiti wa kale katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania.

Sehemu ya kaskazini, iliyo ndogo, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa katika karne ya 11 au ya 12. Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliongeza sehemu kubwa ya kusini mwanzoni mwa karne ya 14. Utajiri wake ulitokana na dhahabu, si ya Geita bali ya nyanda za Zimbabwe ya leo, iliyopitia bandari ya Sofala.

Upanuzi huo haukudumu. Tarehe ya kale ya Kilwa inasimulia kwamba msikiti ulianguka, ikabaki kuba ambamo sultani alikuwa akiswali. Waumini waliswali chini ya mahema kwa miaka mingi, hadi utawala wa Sulaiman bin al-Malik al-Adil (1421-1442). Nguzo za pembe nane zinazoonekana leo ni za ujenzi huo wa pili.

Msafiri Ibn Battuta, aliyefika 1331, aliusifu mji lakini akaandika kwamba umejengwa kwa mbao. Huenda alimaanisha nyumba za kawaida, kwa kuwa msikiti wa mawe ulikuwapo tayari.

Wareno waliuteka mji mwaka 1505. Magofu yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, pamoja na yale ya Songo Mnara. Kuanzia 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini.