Ndinga Kavu Hadi Kitulo

Wanangu wa Mbeya na Iringa, huu mchongo wa kula bata na kulala humohumo kwenye gari naukubali kinoma. Msela anachukua Hiace iliyochoka kupiga ruti, anang'oa siti za nyuma, anatupia godoro, mtungi mdogo wa gesi na taa za sola, halafu wikiendi anasepa na wana kwenda Matema au Isimila. Safi kabisa. Kimeo unakutana nacho ukilala chali ukatazama juu: doa la kahawia kwenye silingi, kona imevimba, na ile harufu ya kapeti iliyolala na maji wiki nzima.

Na mvua ya huku siyo ya kuibia. Inafungua Novemba, inakata Aprili au Mei. Ukishuka upande wa Tukuyu ndo kabisa, kwa mwaka inapiga zaidi ya milimita 2,000. Halafu Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, inachanua kipindi hichohicho cha mvua. Anayetaka maua anapanda kona za Hamsini na Saba pale Chimala huku wingu limemkalia kichwani. Kule juu ni karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Usiku wake ukiwa na blanketi lililolowa unaumwa kweli, kwa hiyo paa ni ishu ya afya kabla haijawa ishu ya muonekano.

Wengi wanadhani mvua ndiyo inayoharibu paa. Mvua inakuja tu kumalizia. Aliyeanza kazi ni jua. Kila ukipanda mita 1,000, ile mionzi mikali ya jua inaongezeka kwa kama asilimia 10, na Mbeya mjini tupo kwenye mita 1,700 hivi. Mchana bati linaungua, usiku wa Juni linapigwa na baridi ya kutetemesha. Bati linatanuka, linasinyaa, kila siku ya Mungu. Ile gundi ya kwenye maungio ikishakauka haiwezi kufuata mwendo huo, inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Ongeza mtikisiko wa barabara ya vumbi ya kwenda Ruaha, ufa unakuwa mlango.

Sasa hapa ndipo watu wanapopigwa: pale maji yanapodondokea sipo yalipoingilia. Panda daladala yoyote yenye paa bovu uangalie. Suka akikanyaga breki, maji yanakimbilia mbele na kumwagika karibu na kioo. Akipandisha kutoka Ipogolo kwenda mjini, yanarudi siti za nyuma, mama mwenye mtoto mgongoni anahama siti huku konda anakausha tu. Tundu ni lilelile moja, labda katikati ya paa. Maji yanaingia, yanafuata mbavu za chuma zilizopo juu ya silingi, yanatokea popote penye upenyo. Kwa hiyo fundi anayekuja na tyubu ya silikoni mkononi, anaangalia doa, anapaka juu yake na kudai chake, huyo kafanya magumashi hata kama ana roho nzuri.

Namba moja kwenye orodha yangu ya watuhumiwa ni keria. Kila mtu anataka keria, hema la juu, bati la sola, taa ndefu ya mbele. Zinatobolewa boliti juu ya paa bila hata praima kwenye mdomo wa tundu, inawekwa washa ya mpira wa tairi la baiskeli, basi. Miezi michache mpira umekauka, boliti imelegea, na kutu imeanza kula duara kuizunguka. Kama bado hujatoboa, tafuta keria inayobana kwenye mfereji wa pembeni ya paa. Hiace na Land Cruiser nyingi za zamani zina ule mfereji, na unabeba mzigo bila tundu hata moja.

Wenye Noah zenye vioo vya juu, nyie kesi yenu ni tofauti. Kioo kile hakikutengenezwa kuziba maji yote. Kuna beseni jembamba linalozunguka fremu yake, na kwenye kona zake kuna vimirija vinavyoshuka ndani ya nguzo za mlango na kutoa maji chini ya gari. Vumbi la kiangazi na majani vikiziba kimirija, beseni linafurika na silingi inalowa. Watu wanapaka gundi kuzunguka kioo kizima, wanaua dirisha, na bado linavuja. Chukua waya laini wa plastiki, zibua taratibu. Usipige upepo wa kompresa kwa nguvu, mrija unaweza kuchomoka ndani ya nguzo na hapo utalia. Mimina kikombe cha maji kwenye kila kona, chungulia chini. Yakitoka yote, kazi imeisha na hujatoa hata buku.

Kusaka tundu kunataka wawili. Mmoja ndani na tochi, silingi imeshushwa. Mwingine nje na mpira wa maji, bila presha, aanze chini kwenye mipira ya vioo, apande kidogokidogo hadi mifereji, mwisho juu kabisa kwenye keria. Kila sehemu aipe dakika kadhaa. Mkianza kwa kumwagia paa lote mtaona maji kila mahali na hamtajua lolote. Wa ndani apake chaki kwenye maungio: tone la kwanza linachora mstari, unaufuata hadi mlangoni.

Ukishalipata, sahau silikoni. Ile yenye harufu ya siki inakula chuma kilicho wazi, rangi haishiki juu yake, na siku ukitaka kurekebisha, gundi nyingine nayo inagoma kushika mpaka uikwangue yote. Kwangua gundi ya zamani mpaka uone chuma. Piga brashi ya waya, piga msasa, futa kwa thina, paka praima ya kuzuia kutu, iache ikauke kabisa. Kisha weka gundi ya poliyurethani, ileile mafundi wanayobandikia vioo vya mbele, usawazishe kwa kidole chenye glovu, na ikishashika paka rangi juu kuikinga na jua. Gundi hii inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, na baridi inaichelewesha. Julai hapa kwetu usiitegemee ndani ya saa chache, ipe hata siku mbili. Bati likiwa limetoboka kwa kutu, gundi haisaidii: likatwe, lichomelewe kipande kipya. Puti juu ya kutu ni pesa ya bure.

Land Rover za zamani zina kesi yake pia. Zilipoanza mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha bati, ndo maana bodi zake ni alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini ukiipitisha boliti ya chuma na maji yakakaa hapo, inageuka unga mweupe na tundu linapanuka. Weka washa ya plastiki kutenganisha hivyo viwili.

Na ukikutana na wale wasafiri wanaokatiza Afrika nzima, wanapenda kupiga kambi Kisolanza, kama kilomita 50 ukitoka Iringa kuelekea Mafinga, waombe wakuonyeshe paa zao. Magari ya kambi ya Marekani mengi yana ngozi ya mpira iliyotandikwa juu ya mbao. Tundu dogo tu, mbao inaoza kimyakimya. Huko hawaruhusu petroli wala thina iguse mpira, ni maji na sabuni. Hiyo inatuhusu na sisi: mipira ya milango na ya mapaa ya kunyanyuka ya magari ya Ruaha msiisugue kwa oili chafu ya injini. Inaivimbisha na kuilegeza. Ioshe vumbi, ikaushe, ipake grisi ya silikoni kidogo.

Fanya yote haya kati ya Agosti na Oktoba, bati likiwa kavu na mafundi bodi hawajabanwa. Silingi irudishe ya mwisho kabisa. Mimi ningeiacha chini hadi mvua mbili tatu kubwa za mwanzo zipite, nalala humo nikiangalia bati tupu, na waya wa taa ya juu nimeukunja pembeni usiguse unyevu.