Tabayyanuu: Hukumu ya Mwenye Kupokea Habari na Mwenye Kuieneza

Kila sifa njema anastahiki Allah (SWT), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tumeona tuzungumzie habari. Zamani jambo hili lilimhusu zaidi mwandishi wa gazeti na mtangazaji wa redio. Leo linamhusu kila mwenye simu, kwani ujumbe hutoka sebuleni kwetu ukafika Muscat kabla chai haijapoa.

Asili ya hukumu ni aya ya 6 ya Suratul Hujuraat, inayotuamrisha kuichunguza habari tuletewayo na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wafasiri wengi wameeleza kuwa iliteremka kwa sababu ya Al-Walid bin Uqba, aliyetumwa kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq. Watu wale walitoka kumlaki. Yeye akaingiwa na hofu, akarudi Madina na kudai kuwa wameizuia zaka na wametaka kumuua. Neno la aya ni "tabayyanuu", yaani tafuteni ubainifu. Nao Hamza na Al-Kisai, miongoni mwa maimamu saba wa visomo, wamelisoma "tathabbatuu", yaani thibitisheni, wala msifanye haraka.

Lakini darasa kubwa zaidi limo katika Suratun Nuur, katika kisa cha Ifki, alipozuliwa uongo Bibi Aisha (RA). Aliyeubeba sehemu kubwa ni mnafiki Abdullah bin Ubayy, ila waliouvumisha walikuwamo waumini, akina Mistah na Hamna bint Jahsh. Kiasi cha mwezi mzima nyumba ya Mtume (SAW) ilikaa katika dhiki. Hebu tumtazame Zainab bint Jahsh (RA), mke mwenza wa Bibi Aisha na dada wa Hamna huyo huyo. Alipoulizwa na Mtume (SAW), neno moja tu la "nimesikia" lingetosha kumwangusha mwenzake. Alijibu kuwa analihifadhi sikio lake na jicho lake, na kwamba hajui ila kheri. Aliyetusimulia hayo ni Bibi Aisha mwenyewe, kama yalivyo katika Sahihi Bukhari, na akakiri kuwa Zainab ndiye aliyekuwa akishindana naye kwa daraja mbele ya Mtume. Hao wanaoitwa "vyanzo vya kuaminika" magazetini, ni wangapi wanaoifikia daraja hiyo?

Wala isidhaniwe kuwa Uislamu unamfunga mwandishi kinywa. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja mahali sita ambapo kumsema mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, ikiwamo aliyedhulumiwa kushitaki, na kuwatahadharisha watu na shari. Basi anayefichua kwa ushahidi kuwa fedha za zahanati zimeliwa, huyo hasengenyi. Ama anayeeneza picha ya maiti wa ajali kabla wazazi hawajapata habari, tumemtafutia nafasi katika hizo sita, hatukuiona.

Na aliyekwisha kukosea je? Aya ya 5 ya Suratun Nuur imeambatanisha toba ya mzushi na kutengeneza alichokiharibu, na imepokewa kwa Imam Shafi'i kuwa toba yake ni kujikadhibisha mwenyewe. Kwa kipimo hicho, uongo uliotoka ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa hautengenezwi kwa mistari mitatu ya kuomba radhi iliyofichwa ukurasa wa kumi na nne. Na ulioenezwa katika kundi la simu, kanusho lake hupelekwa kundi lile lile, likasomwa na watu wale wale.